Njia ya kurudi: kutoka Mwezini hadi baharini, siku kwa siku

Hadithi ya Apollo 11 husimuliwa hadi pale kwenye unyayo wa kiatu juu ya vumbi, halafu msimulizi hukunja mkeka wake. Watu watatu walikwenda, wawili wakatembea Mwezini, wakarudi. Hilo neno la mwisho, "wakarudi", limebeba siku tatu za njia, injini mbili zisizo na akiba, na robo saa ya moto. Nimekuwa nikisoma mazungumzo yao ya redio na Houston, kituo kilichoiongoza safari kutoka Duniani, yaliyonakiliwa neno kwa neno, nikaona niyapange kama shajara, kana kwamba nimejibanza nyuma ya kiti cha Michael Collins, yule wa tatu ambaye hakutua. Saa zote ni za Greenwich, ila nimezihesabu kwa Kiswahili.

Kabla hatujaondoka, shika hili: roketi iliyowapeleka ilikuwa na urefu wa mita 110 na uzito wa karibu tani 3,000. Kitakachofika nyumbani ni kijumba chenye umbo la pia ya kuchezea, tani 5 tu, na watu watatu ndani yake. Vingine vyote vitatupwa njiani.

Jumatatu, 21 Julai 1969

Neil Armstrong na Buzz Aldrin wanaamka ndani ya Eagle, chombo kilichowatua Mwezini, kama kweli walilala. Chombo kilikuwa baridi. Aldrin alijikunja sakafuni, Armstrong akaegemea kifuniko cha injini. Na pale sakafuni Aldrin ameona kitu kidogo cheusi ambacho hakikupaswa kuwapo: kichwa cha swichi. Huenda mmoja wao aligeuka na mkoba wake mgongoni akakigonga. Paneli ina swichi nyingi, lakini iliyovunjika ni ile ya kuiandaa injini ya kupaa.

Aldrin ana maka peni mfukoni. Muda ukifika anaichomeka ncha yake katika tundu na kusukuma. Swichi inaingia. Gharama za mradi ule zilihesabiwa kwa mabilioni ya dola, na kipande cha mwisho kilichohitajika kilikuwa kalamu.

Injini yenyewe ilibuniwa iwe rahisi kupita kiasi, maana Mwezini hakuna fundi wa kumwita. Haina kiberiti wala plagi. Ni vimiminika viwili ambavyo vikigusana tu vinawaka, basi. Fungua vali, subiri. Visipowaka, hakuna injini ya pili. Ikulu ya Marekani ilijua hivyo vizuri, kwani William Safire, mwandishi wa hotuba wa Rais Nixon, alikuwa amekwisha kuandaa maneno ya kusomwa endapo hao wawili wangebaki huko.

Saa 11:54 jioni vimiminika vinagusana. Nusu ya chini ya Eagle, yenye miguu, inabaki chini kama jukwaa la kurushia. Hicho ndicho kitu kikubwa cha kwanza kuachwa. Aldrin anachungulia dirishani na kuona bendera waliyoisimamisha ikiangushwa na upepo wa injini. Walikaa Mwezini saa 21 na dakika 36, na dakika saba baadaye wako kwenye mzingo, wakiuzunguka Mwezi.

Juu yao, Collins amekuwa akizunguka peke yake ndani ya Columbia, chombo kitakachowarudisha nyumbani. Kila akipita upande wa nyuma wa Mwezi redio inakatika kwa dakika 48. Magazeti yalimhurumia kwa upweke. Mwenyewe alisema baadaye kwamba upweke haukumsumbua, ila kwa miezi sita alibeba hofu moja kimoyomoyo, nayo ni kurudi nyumbani peke yake. Ana kitabu cha mipango 18 ya namna ya kuwafuata wenzake endapo watapaa vibaya. Leo hauhitajiki hata mmoja. Eagle inakuja taratibu, inakua dirishani, na saa 3:35 usiku vyombo viwili vinashikana. Kwa sekunde chache vinayumba vibaya mpaka Collins anadhani kitu kimevunjika, kisha vinatulia.

Mlango unafunguliwa. Aldrin anatokeza kichwa, Collins anakishika kwa mikono miwili, akitaka kumbusu kwenye paji la uso. Anaona haya, anampa mkono.

Kisha ni kazi ya kuhamisha mizigo: kilo 21 na nusu za mawe na udongo ndani ya masanduku mawili, na filamu. Vumbi la Mwezi limewaganda kila mahali, kwa hiyo wanalifyonza kadiri wanavyoweza. Saa 5:41 usiku Eagle inaachiliwa. Chombo kilichowabeba salama kinasogea, kinakuwa nukta, basi. Sasa wana Columbia peke yake.

Jumanne, 22 Julai

Hii ndiyo saa ambayo, kwangu mimi, ina wasiwasi kuliko ile ya kutua. Ili kutoka kwenye mzingo wa Mwezi ni lazima waongeze mwendo wa karibu kilomita moja kwa sekunde, na hilo hufanyika nyuma ya Mwezi, mahali ambapo Houston haiwasikii. Injini kubwa ya Columbia nayo ni moja tu. Ikikataa, wataendelea kuzunguka mpaka oksijeni iishe.

Kabla ya kuiwasha wanahakiki jambo ambalo mtu wa kawaida angelicheka: je, tumegeukia upande sahihi? Chombo kikielekea kinyume, injini hiyohiyo ya kuwatoa itawaangusha juu ya Mwezi. Wanataniana, lakini wanahakiki tena.

Saa 10:55 alfajiri injini inawaka kwa dakika mbili na nusu. Houston wanaangalia saa ukutani. Hesabu ya kurudi haina fumbo: chombo chenye mwendo wa kutosha kitachomoza upande wa pili mapema zaidi kuliko chombo ambacho injini yake haikuwaka. Kinachomoza kwa wakati. Collins anamwambia Charlie Duke, aliyekuwa kwenye redio, kwamba wakati umefika wa kufungua milango ya maabara ya karantini, watakakotengwa wakirudi.

Baada ya hapo ni usingizi, na safari hii wanalala kama magogo. Chombo kinazungushwa polepole, kama mara tatu kwa saa, ili upande mmoja usiungue na jua huku mwingine ukiganda. Wao wenyewe walizoea kuuita mtindo huo kwa jina la nyama ya kuchoma inayogeuzwa juu ya makaa.

Mchana wanavuka mstari usioonekana. Wakiwa zaidi ya kilomita 60,000 kutoka Mwezini, mvuto wa Dunia unaanza kuushinda wa Mwezi. Ndani hakuna kinachotikisika wala kubadilika. Ila kuanzia hapo wanaanguka. Ndivyo ilivyo safari hii ya kurudi: ni kuanguka kwa siku mbili, kwa pole mwanzoni, kwa pupa mwishoni, na injini haihitajiki tena ila kunyoosha njia. Saa 2:02 usiku wananyoosha, kwa kuwasha vijiinjini vidogo kwa sekunde 11. Masahihisho mengine yaliyopangwa yakafutwa, hayakuwa na haja.

Jumatano, 23 Julai

Siku ya kungoja, kwa waliomo ndani. Kwa walio chini ni siku ya hekaheka mbili.

Ya kwanza iko kisiwani Guam, kwenye kituo cha mawasiliano ambacho Houston itakitegemea saa za mwisho. Beringi ya antena imekwama. Kuifungua na kuibadilisha kungechukua muda ambao haupo. Kuna tundu la kupitishia grisi, lakini upana wake ni kama sentimita sita, na mkono wa mtu mzima hauingii. Mkurugenzi wa kituo anapiga simu nyumbani, mtoto wake wa miaka 10 analetwa, anaingiza mkono uliojaa grisi, anaipaka beringi. Antena inazunguka. Armstrong alikuja kumshukuru baadaye.

Ya pili ni hali ya hewa, na hii ilifichwa kwa miaka mingi. Hank Brandli, mtabiri wa hali ya hewa wa jeshi la anga aliyekuwa Hawaii, alikuwa na picha za setilaiti za siri. Alichokiona hasa mahali palipopangwa Columbia itue kilikuwa mawingu marefu ya radi, yenye uwezo wa kuzirarua parashuti. Asingeweza kuwaambia NASA, shirika la anga la Marekani, kwani setilaiti zenyewe rasmi hazikuwapo. Akamtafuta Kapteni Willard Houston wa jeshi la majini, aliyekuwa na kibali cha kuziona. Huyo naye ikambidi awashawishi wakubwa wahamishe msafara mzima wa meli za kuwapokea wanaanga bila kuwaonyesha kwa nini. Walimwamini. Mahali pa kutua pakasogezwa karibu kilomita 400.

Unasogezaje mahali pa kutua chombo ambacho tayari kinaanguka? Hapa ndipo nilipoacha kuidharau ile pia ya tani 5. Uzito wake umewekwa makusudi upande mmoja, kwa hiyo inapoingia hewani haishuki wima kama jiwe, inakaa kimshazari kidogo, na ule mshazari unaipa nguvu ya kunyanyuka. Haina mabawa, lakini inaelea. Rubani akiizungusha, nguvu ile inaelekea juu, chini au pembeni. Akiielekeza juu kwa muda mrefu zaidi, chombo kinakwenda mbali zaidi. Kwa hiyo kesho wataiongoza iruke juu ya dhoruba.

Usiku wanatoa matangazo yao ya mwisho ya televisheni. Collins anaifananisha safari na darubini ya nyambizi, kwamba watazamaji wanaona watu watatu tu juu ya maji, na chini yake kuna maelfu wasioonekana. Aldrin anasoma Zaburi ya 8: "Nikiziangalia mbingu zako, kazi ya vidole vyako..." Armstrong anawashukuru waliokijenga chombo. Sidhani kama alisema hivyo kwa adabu tu. Kesho atakabidhi uhai wake kwa gundi.

Alhamisi, 24 Julai

Kweli ni gundi. Ngao ya joto ya Columbia ni utomvu wa kiwandani uliojazwa ndani ya vitundu zaidi ya laki tatu, kama sega la nyuki, kimoja baada ya kingine, kwa bomba la mkononi. Haikutengenezwa ili isiungue. Ilitengenezwa iungue vizuri, ibanduke kidogo kidogo na kuondoka na moto. Hata ngozi ya chombo ni kitu cha kutupa.

Wanaume watatu wamevaa ovaroli za kawaida. Suti za anga zimekunjwa na kuwekwa. Nikisoma hapo mwili hunisisimka, kwa sababu najua yaliyofuata mahali pengine: 30 Juni 1971 Wasovieti watatu, Dobrovolsky, Volkov na Patsayev, walikuwa wakirudi na chombo chao Soyuz 11 bila suti, vali ikafunguka juu kabla ya wakati, hewa ikatoka. Chombo kilitua salama na wote ndani yake wamekufa. Tangu hapo hakuna anayerudi na Soyuz bila kuvaa suti. Julai 1969 somo hilo halijafundishwa bado.

Wanameza vidonge vya kuzuia kichefuchefu, kwa ajili ya mawimbi.

Saa 10:21 jioni wanaachana na sehemu ya huduma, yenye ile injini kubwa, matangi na umeme. Kuanzia sasa wana betri na hewa ya muda mfupi tu. Collins anaigeuza ile pia yao, kitako mbele, migongo yao ikielekea waendako. Hii inashangaza wengi, lakini ndivyo inavyopaswa: kitako bapa hulisukuma wimbi la hewa mbele yake, na sehemu kubwa ya joto hubaki kwenye wimbi lile badala ya kukigusa chombo. Kikiwa na ncha kali mbele kingechomwa.

Saa 10:35, kimo cha kilomita 122. Mwendo ni kilomita 11 kwa sekunde. Njia ya kuingilia ni nyembamba, nyuzi sita na nusu hivi chini ya usawa. Wakiingia kwa wima zaidi, breki itawaponda. Wakiingia kwa ubapa zaidi, watafanya kama kigae kinachorushwa na watoto juu ya maji, wadunde na kurudi angani wakiwa na hewa ya saa chache tu.

Mwanga unaanza hafifu dirishani, rangi juu ya rangi, kisha unakuwa mkali kama mchana. Watu husema ni msuguano. Kwa sehemu kubwa si msuguano. Ni hewa isiyopata nafasi ya kukimbia, inabanwa mbele ya chombo mpaka inawaka na kuvunjika kuwa gesi yenye umeme. Joto la ngao linafikia nyuzi 2,700 za Selsiasi. Gesi hiyo inayafunika mawimbi ya redio, na Houston wanaita bila kujibiwa kwa dakika kadhaa. Uzito wao unapanda mpaka zaidi ya mara sita. Mtu wa kilo 75 anabonyezwa kitini kama ana kilo 450 na zaidi, na huyu ametoka kuelea kwa siku nane.

Lakini tazama kinachotendeka: mwendo wote ule uliojengwa na roketi ya mita 110, karibu wote unalipwa kwa hewa tupu, kwa dakika chache. Ndiyo breki pekee waliyo nayo. Wanaorudi leo kutoka kituo cha kimataifa cha anga huanza na mwendo mdogo zaidi, kama kilomita 7.7 kwa sekunde. Soyuz huwasha injini ya breki kwa dakika nne na nusu hivi, inaangukia nyika za Kazakhstan na kulipua vijiroketi vidogo chini ya mita moja kutoka ardhini. Dragon, chombo cha Wamarekani, huangukia baharini kama hawa. Ila kiini hakijabadilika: ni kitako bapa, ngao, na hewa ifanye kazi.

Kwenye kimo cha mita 7,000 na kitu zinatoka parashuti mbili ndogo za kutuliza. Kwenye mita 3,000 zinafuata kubwa tatu, za rangi ya chungwa na nyeupe. Wote watatu wanatazama juu kupitia dirishani kuhesabu. Ni tatu.

Collins alikuwa ameweka dau la bia kwamba hawatapinduka. Chombo kikigonga maji, Aldrin anapaswa kubonyeza fyuzi na Collins aziachie parashuti mara moja, kabla upepo haujazivuta na kukipindua. Saa 10:50 kinagonga, kwa kishindo, na kidole cha Aldrin kinarushwa mbali na paneli. Wanapinduka. Collins amepoteza bia yake.

Basi hao ndio mashujaa wa dunia: wananing'inia kwenye mikanda kichwa chini, baharini, kumepambazuka huko Pasifiki, kilomita 24 kutoka USS Hornet, meli ya kuwapokea. Mifuko ya hewa inajazwa na baada ya dakika kama nane wanasimama tena. Toka kuondoka hadi kugusa maji ni saa 195, dakika 18 na sekunde 35.

Mpiga mbizi aliyevaa vazi la kujikinga anafungua mlango na kuwarushia mavazi kama hayo. Wanavaa, wanatoka na kuingia kwenye boya, wanasuguliwa kwa dawa mwili mzima, asije kuwako kijidudu cha Mwezini. Boya na vitambaa vinazamishwa. Helikopta inawapandisha mmoja mmoja. Ndani ya vazi lile kuna joto kali, na miguu imesahau kubeba mwili.

Ijumaa, 25 Julai

Ndani ya meli, wamefungiwa kwenye trela lisilo na magurudumu, pamoja na daktari William Carpentier na mhandisi John Hirasaki. Jana Nixon alizungumza nao kupitia kioo cha dirisha.

Kuhusu karantini hii niseme ninachofikiri. Ilikuwa hadhari ya kweli, lakini yenye tundu. Wakati wa kushuka na parashuti vali za Columbia zilikuwa zimefunguliwa kuingiza hewa ya nje, na mlango ulifunguliwa juu ya bahari. Kama kijidudu kingekuwamo, kingekwisha kuwa kinaogelea Pasifiki.

Columbia imeunganishwa na trela kwa njia iliyofunikwa. Collins anarudi humo peke yake na kuandika kwa kalamu ukutani kwamba hiki ndicho chombo bora kuliko vyote vilivyotoka kiwandani, Mungu akibariki. Anaweka sahihi. Maandishi yapo hadi leo.

Jumamosi, 26 Julai

Hawaii. Kuna fomu ya forodha yenye sahihi zao tatu. Mzigo: mawe ya Mwezi na vumbi la Mwezi. Ametokea: Mwezini. Hali yoyote inayoweza kueneza ugonjwa: itajulikana baadaye. NASA ilisema ilikuwa utani wa siku ile. Trela linapakiwa kwenye ndege likiwa na watu wake ndani.

28 Julai hadi 10 Agosti

Houston, ndani ya maabara. Hakuna la kusimulia kila siku. Wanaandika ripoti, wanahojiwa kupitia kioo. Tarehe 5 Agosti Armstrong anatimiza miaka 39, keki inaliwa ndani. Wenye kazi kubwa ni panya waliodungwa vumbi la Mwezi, na kware, samaki na mende waliopewa sehemu yao. Panya wanazidi kunawiri. Usiku wa tarehe 10 milango inafunguliwa.

Imebaki karatasi moja. Aldrin, kama mtumishi yeyote wa serikali aliyesafiri kikazi, alijaza fomu ya kudai posho. Njia: Houston, Cape Kennedy, Mwezini, Bahari ya Pasifiki, Hawaii, Houston. Usafiri: chombo cha anga cha serikali. Chakula na malazi vilitolewa na serikali. Jumla anayodai: dola 33 na senti 31.